Makala ya King Majuto imeacha habari yenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kumkumbuka mchekeshaji wa filamu King Majuto imenifanya nishike kalamu baada ya miaka mingi ya kusoma na kunyamaza. Nusu ya makala ni hospitali: Muhimbili, safari ya India, tena Muhimbili mpaka alipofariki tarehe 8 Agosti 2018. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni lawama kwamba hakujiwekea akiba. Kazi yake, iliyoanza jukwaani tangu utotoni mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea hadi uzeeni, imepewa sentensi mbili, na mojawapo inasema alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Basi.

Hicho mnachokiita kipaji kilikuwa ufundi, na anayemtazama kwa makini anauona. Amri Athumani, ndilo jina halisi la Majuto, alitoka kwenye jukwaa, ambako mtazamaji wa nyuma lazima akusikie, kisha akawa miongoni mwa waliotangulia kuingiza vichekesho kwenye kanda za video. Wengi waliovuka njia hiyo walikwama kwa sababu waliendelea kupaza sauti na kurusha mikono mbele ya kamera iliyo karibu na uso. Yeye alipunguza. Mtazameni na mchekeshaji mwenzake kijana, marehemu Sharo Milionea: Sharo anaongea mbio, anajigamba, anatembea kwa madaha, Majuto anabaki palepale, anamkagua kijana juu mpaka chini, ananyamaza kidogo, ndipo anajibu kwa lafudhi yake ya Tanga. Kicheko kinatoka kwenye ule ukimya. Anayeunganisha picha akiukata ili filamu iende haraka, jibu linageuka maneno ya kawaida. Na kazi nyingi za wakati ule zilipigwa kwa kamera moja, maneno yakitungwa papo hapo kutokana na muhtasari wa hadithi, kwa hiyo tukio lilelile lilirudiwa kwa shoti ya mbali na ya karibu. Mwigizaji asiyekumbuka alisema nini na mkono ulikuwa wapi mara ya kwanza anaharibu kazi, kwa kuwa shoti hizo mbili hazitaungana.

Suala la akiba ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu hujiwekea akiba akiwa na kipato kinachojirudia, na biashara ya filamu zetu haikumjengea mwigizaji kipato cha namna hiyo. Enzi za kanda na DVD mambo yalikwenda hivi: mtayarishaji anatafuta fedha, anawalipa waigizaji kwa siku au kwa filamu nzima, anamaliza kuunganisha picha, kisha anakwenda Kariakoo kumuuzia msambazaji masta, yaani nakala mama ya filamu, pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja. Kuanzia hapo ziuzwe nakala mia au laki, mwigizaji hahusiki, na hata mtayarishaji mwenyewe hahusiki. Kilichouza ni sura ya kwenye kava, na sura ya Majuto iliuza. Stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, nakala halali angalau zikaweza kuhesabika, lakini hesabu hiyo haimfai mtu ambaye mkataba wake hauna kipengele cha asilimia. Leo filamu zilezile ziko YouTube, zinatazamwa usiku na mchana, na fedha za matangazo zinakwenda kwa aliyenunua masta, au kwa aliyenakili tu DVD na kuipandisha. Halafu mnamuuliza marehemu akiba yake iko wapi!

Mwaka 2018, mzee akiwa mgonjwa, Harrison Mwakyembe, wakati huo Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, aliunda kamati ya wanasheria ipitie mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Hiyo ndiyo habari, na makala yenu haikuigusa. Mkataba wa tangazo wa mwigizaji mwingine mzee niliwahi kuusoma: ukurasa mmoja wa Kiingereza, umeletwa eneo la kupigia picha asubuhi ya kazi, mzee ameshavaa na kupakwa poda, watu wote wanamsubiri yeye. Haukutaja tarehe ya mwisho. Haukusema kama ni runinga, redio au mabango. Nakala ilikuwa moja, ikaondoka na aliyeileta. Mkataba wa aina hiyo unalifanya tangazo kuwa la milele kwa malipo ya asubuhi moja.

Na vituo vya televisheni viache kukata majina ya mwishoni mwa filamu ili kupisha tangazo. Mtu wa sauti aliyeshinda juani ameshika bumu, ule mti mrefu wa maikrofoni, hana ushahidi mwingine wa kazi yake anapokwenda kuomba nyingine.

Ninachowaomba ni hiki. Mwandishi wenu akitumwa kuandika kumbukumbu ya mwigizaji, kabla ya kuigongea hodi familia ampigie simu anayeshika masta na amuulize analipa nani. Pia tengeni nusu ukurasa kila Jumamosi mchapishe mfano wa mkataba kwa Kiswahili, ambao mwigizaji anaweza kuukata na kwenda nao: matumizi ya tangazo ni miezi 12 kuanzia siku linaporushwa mara ya kwanza, kila chombo na kila nchi vitajwe, likirudiwa, malipo mapya, asilimia ya mapato ya mtandaoni iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kila upande upewe nakala yake siku tatu kabla ya kamera kuwashwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamtambua mwigizaji, kwa hiyo COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wanaweza kuupitia mfano huo kabla hamjauchapa. Na msisahau mstari wa jina la mrithi wa malipo, maana filamu inaendelea kuuzwa mwigizaji akishazikwa.

Mtayarishaji wa filamu,
Ilala, Dar es Salaam