Kabla hujalipia trekta kubwa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku tu wazima.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka, kisha nikaichukua tena, maana swali lako si la kujibiwa kwa haraka. Unasema trekta lako la nguvu za farasi 25 limekuelemea, na umepata matrekta mawili ya kuchagua: moja la farasi 40 lenye uzito wa kilo 1,250 hivi, na jingine la farasi 35 lenye kilo 1,650. Moyo wako uko kwa lile la 40. Unaniuliza ubadilishe au usibadilishe.

Jibu ninalo, ila kwanza nataka tutenganishe malalamiko yako. Umeyaita yote "nguvu haitoshi", nami nikiyasoma naona shida tatu ambazo hazina dawa moja. Plau ikizama magurudumu yanateleza. Ukiinua robota la nyasi kwa loda, ile mikono ya kunyanyulia iliyo mbele, nyuma ya trekta inakuwa nyepesi na mikono inagoma kupanda. Na kufyeka kunakumalizia siku.

Nianze na plau. Siku nyingine ukiwa shambani, sikiliza injini. Ikishuka sauti, ikatoa moshi mweusi na kutaka kuzima, hapo kweli farasi wamekwisha. Lakini kama inanguruma vilevile huku matairi yanachimba mashimo, injini haina kosa. Nguvu ipo, haifiki ardhini. Trekta huvuta kwa uzito ulioko juu ya magurudumu yanayosukuma, na farasi wa ziada juu ya trekta jepesi watakuchimbia mashimo haraka zaidi, basi. Harry Ferguson alilifahamu hilo zamani. Mfumo wake wa kufunga jembe kwa pointi tatu, uliopata umaarufu na trekta la Ford 9N mwaka 1939, ulitumia mzigo wa jembe lenyewe kuyakandamiza magurudumu ya nyuma, na trekta la tani moja na ushei likavuta plau ya majembe mawili. Matrekta mengi madogo ya leo yana pointi tatu hizohizo, lakini lever yake hushika kimo cha jembe tu, haisikii ugumu wa udongo. Kwa hiyo sisi wenye matrekta haya inatubidi tuutafute uzito wenyewe.

Kipimo chake ni rahisi na hakikugharimu kitu. Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Endesha plau ikiwa juu, hesabu mizunguko kumi, pima umbali. Kisha zamisha plau, hesabu kumi tena kwenye shamba lilelile, pima. Tuseme bila mzigo umekwenda mita 30 na kwa mzigo mita 25.5: umeteleza asilimia 15. Hapo uko kwenye ukingo. Kati ya 8 na 15 ndipo panapofaa. Ukizidi hapo trekta ni jepesi kwa kazi hiyo, na ukiwa chini sana unabeba uzito usio na kazi. Ukikuta umepita 20, jaza maji matairi ya nyuma hadi robo tatu, usawa wa vali ikiwa juu. Lita 100 kila upande ni kilo 200 zimeongezeka kwa siku moja. Mahali ambapo maji huganda, huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Angalia pia presha ya matairi, kwa sababu tairi lililojazwa upepo kupita kiasi linagusa ardhi kidogo. Yafanye haya hata kama umeshaamua kununua. Naamini sehemu kubwa ya shida ya plau itaondoka nayo.

Sasa loda, na hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo ninapokuhofia.

Umeandika kwamba loda lako limeandikiwa uwezo wa kilo 400. Namba hiyo karibu kila mara hupimwa kwenye pini, pale bakuli linapofungwa. Robota halikai kwenye pini. Linakaa kwenye mkuki unaolichoma, na kitovu chake cha uzito kiko mbele zaidi, nusu mita na kuendelea. Ukisogeza mzigo mbele kiasi hicho, uwezo unashuka sana. Tafuta kwenye kitabu namba ya pili, ile inayopimwa milimita 500 mbele ya pini, ndiyo ya kuifuata. Robota la duara la nyasi kavu, la kama mita 1.2, huwa kati ya kilo 200 na 350 kutegemea lilivyobanwa na lilivyokauka. Ongeza mkuki na fremu yake. Utaona mwenyewe kwamba unainua mzigo ulio sawa na uwezo wa mashine au uliouzidi, na ndiyo maana haidroliki inalia na mikono haipandi. Kuna fundi atakayekuambia akukazie vali ya presha kidogo ili loda lipate nguvu. Mkatalie. Presha hiyo itakwenda kwenye pampu, kwenye silinda, na uzito wote utaangukia ekseli ya mbele ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Halafu hilo la nyuma kuwa nyepesi. Rafiki yangu, hilo si usumbufu, ni hatari. Robota likiwa juu na gurudumu moja likaingia kwenye shimo, trekta linalala. Maji ya kwenye matairi yanasaidia nyuma kushika chini, lakini hayaondoi mzigo kwenye ekseli ya mbele, kwa kuwa yenyewe yako palepale kwenye ekseli ya nyuma. Kinachoupunguzia mbele mzigo ni uzito unaoning'inia nyuma ya ekseli: sanduku la zege au chuma kwenye pointi tatu, au kifaa kizito kama rotaveta, ile mashine ya kusagia udongo. Usiinue robota hata moja tena bila kitu huko nyuma. Tembea nalo likiwa chini kabisa, fremu ya kinga imesimamishwa na mkanda umefungwa. Na hata ukifanya yote hayo, uwezo wa loda unabaki uleule. Uzito wa nyuma unakupa utulivu, hauipi silinda nguvu.

Hapa ndipo ninapokubaliana na wewe: kwa marobota, trekta lako ni dogo kweli, na hakuna ujanja wa kulifanya liwe kubwa.

Lakini sasa yatazame yale mawili uliyoniandikia. Watengenezaji wana desturi ya kuchukua fremu moja na kuiuza na injini za nguvu mbalimbali. Fremu ile, ekseli zile, pampu ile, loda lile. Kinachobadilika ni namba kwenye boneti na bei. Lile la farasi 40 lenye kilo 1,250 nina shaka kubwa kwamba ni la namna hiyo, fremu nyepesi yenye injini iliyofunguliwa zaidi. Litafyeka vizuri sana. Likifika kwenye robota, litakuwa na wasiwasi uleule ulio nao leo. Lile la 35 lina kilo 400 zaidi za chuma, na chuma hicho kiko kwenye ekseli, kwenye sanduku la gia na kwenye mikono. Muulize muuzaji akuonyeshe kitabuni loda la kila moja linainua ngapi milimita 500 mbele ya pini, hadi kimo cha mwisho, wala si pale linapoanza kunyanyuka tu, maana namba ya kunyanyua kutoka chini huwa kubwa na inavutia macho. Muulize pia kuhusu mikono ya nyuma: inainua kiasi gani milimita 610 nyuma ya mipira ya chuma iliyo mwishoni mwake, pale pini za kifaa zinapoingia, badala ya kwenye mipira yenyewe. Akishindwa kukujibu, omba kitabu ukisome mwenyewe palepale.

Kufyeka nitakupitisha haraka, kwa kuwa ni hesabu tu. Mashine ya kufyekea ya mzunguko inataka kama farasi 5 kwa kila sentimita 30 za upana, na hao ni farasi wa kwenye PTO, shafti ya nyuma inayozungusha vifaa, si wa injini. Trekta lako la 25 pengine linatoa 19 au 20 hapo nyuma, kwa hiyo mita 1.2 ndiyo saizi yake. La 35 litatoa 27 hadi 30, yaani mita 1.5 bila taabu na mita 1.8 kama nyasi si nzito. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukihesabu na muda wa kugeuza, hekta 4 zinachukua saa nane na kitu kwa mashine ya mita 1.2, na kama saa sita na nusu kwa ya mita 1.5. Ni nafuu, sikatai. Lakini nisingenunua trekta kwa ajili ya saa mbili.

Yapo utakayoyapoteza, na hukuyataja kwenye barua. Trekta lako la sasa linapita katikati ya miti yako ya matunda bila kugusa tawi. Zito litakuwa pana zaidi, refu zaidi, na litahitaji nafasi kubwa kugeuka. Ile sehemu yako ya chini inayokaa maji haitalipenda: uzito wa ekseli unakandamiza udongo hadi chini ambako jembe halifiki, na udongo uliokandamizwa ukiwa mbichi huchukua misimu mingi kurudi. Uwe na nidhamu ya kusubiri pakauke, jambo ambalo kwa trekta dogo ulikuwa unaweza kulipuuza kidogo. Vifaa vyako vitafunga, kwa sababu yote mawili ni kundi la kwanza la pointi tatu, pini za milimita 22 kwenye mikono ya chini. Ila rotaveta yako ni nyembamba. Haitafunika alama za matairi mapana, na utaacha mistari iliyokanyagwa kila upande. Ihesabu hiyo kwenye gharama. Hesabu na trela: trekta la kilo 1,650 likiwa na loda, matairi ya maji na kifaa nyuma linapita tani mbili na nusu kwa urahisi.

Jambo moja zaidi la kuuliza ni kama injini ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Marekani na Ulaya sheria za moshi hubana zaidi kuanzia kilowati 19, yaani kama farasi 25, ndiyo maana matrekta mengi madogo yanaishia chini kidogo ya hapo, na mengi yaliyo juu yake hubeba kichujio. Kichujio hakipendi injini kuachwa ikinguruma bila kazi. Wewe una tabia ya kuliacha trekta likiwaka ukifungua mageti na kuongea na watu, itabidi uiache.

Gia nakuachia mwenyewe. Kwa loda, haidrostatiki, ile inayosukuma magurudumu kwa mafuta yenye presha, ni raha, mbele na nyuma kwa mguu tu bila klachi. Kwa plau, gia za kawaida ni bora, maana nguvu inayopotea ni ndogo kuliko kwenye haidrostatiki. Kwa kuwa kinachokusukuma ni marobota, ningechukua haidrostatiki.

Kwa hiyo jibu langu ni badilisha, uchukue lile la 35 zito, na sababu yako iwe marobota. Iwapo mwaka ujao utaacha kuyainua, ukaanza kununua marobota madogo ya mkono au kumlipa mtu akupangie, baki na ulilonalo, ulitie maji matairini na uzito nyuma. Hilo trekta bado lina miaka mingi.

Kabla hujatoa hata malipo ya awali, nifanyie mambo mawili. Pima robota moja kwenye mizani, la msimu huu, usikadirie kwa macho. Na pima nafasi kati ya mistari ya miti mahali palipobana kuliko pote, pamoja na upana wa geti la nyuma. Nitumie namba hizo pamoja na kurasa za loda za matrekta yote mawili, nami nitazipitia usiku huohuo nikujibu. Kama unaweza kumwomba muuzaji akuazime lile la 35 siku moja ya kazi, chukua robota lako zito kuliko yote ulijaribu nalo, sanduku la uzito likiwa nyuma.

Nisalimie wazee na watoto.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.