Wauzaji wa magari-nyumba watuambie chaja inatoa volti ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalowagusa wenye magari-nyumba, yale yenye vitanda, jiko na jokofu ndani, ambayo yakishaegeshwa huchomekwa umeme wa jengo na kuachwa hivyo kwa miezi. Mimi ni fundi umeme wa magari. Wanaoniletea betri zilizovimba karibu wote hunipa maelezo yale yale: “Niliambiwa nisilichomoe, ili betri ikae imejaa.” Aliyewaambia ndiye aliyewauzia gari.

Ushauri huo haujakamilika, na unawagharimu watu. Gari kukaa limechomekwa si tatizo. Tatizo ni chaja isiyojua kupunguza.

Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita, yaani vyumba sita vidogo vinavyohifadhi umeme. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita ya kupimia volti husoma 12.6 au 12.7 hivi. Chaja nzuri huipandisha hadi karibu volti 14.4 kwa saa kadhaa, halafu hushuka yenyewe na kuishikilia kati ya 13.2 na 13.8, kiasi cha kufidia tu chaji inayopotea. Chaja nyingi za zamani hazina hatua hizo. Zinatoa volti zile zile usiku na mchana, betri iwe tupu au imejaa. Betri ikishajaa, umeme unaozidi hugeuka kuvunja maji yaliyomo ndani yakawa haidrojeni na oksijeni. Maji yanapungua, pleti za madini ya risasi zilizozama ndani yake zinachomoza juu na kukauka, na pleti iliyokauka hairudii nguvu yake. Kwa betri zilizozibwa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yakishatoka huna pa kuyarudishia.

Dalili zipo kwa anayetazama. Betri ina joto mkononi ilhali hakuna kilichowashwa. Vichwa vyake vimeota unga mweupe au wa kijani. Ukitega sikio kwenye vizibo unasikia maji yakichemka taratibu. Ukifikia hatua ya kunusa harufu ya mayai viza, zima umeme kule unakotoka, fungua milango na madirisha, usiwashe hata kiberiti. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kushika moto, na katika mengi ya magari haya betri imewekwa chini ya kiti au kitanda anacholalia mtu.

Kuna hali moja ambayo hata chaja ya kisasa hudanganyika. Seli moja ikipiga shoti, chaja huona betri haijafika kiwango na kuendelea kuisukuma. Volti 13.8 zilizokuwa za seli sita sasa zinabebwa na tano, yaani 2.76 kwa kila moja badala ya 2.3. Hizo tano zitachemka mpaka zikauke. Betri ya namna hiyo haina dawa, itolewe garini. Na kama imeunganishwa sambamba na nyingine, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, itolewe upesi kabla haijaharibu mwenzake.

Kupima si kazi ya fundi peke yake. Gari likishakaa limechomekwa siku nzima bila vitu vizito kuwashwa, weka mita kwenye vichwa vya betri. Ukisoma 13.2 hadi 13.8, endelea na shughuli zako. Ukisoma zaidi ya 14, rudia baada ya saa kadhaa, maana baadhi ya chaja hupanda kidogo kwa ratiba yao kisha hushuka. Isiposhuka, chomoa. Joto nalo lihesabiwe: viwango hivi ni vya nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi inataka volti zipungue kwa takriban 0.02 hadi 0.03. Kwenye nyuzi 40, chaja inayoshikilia 13.6 inapaswa kuwa karibu na 13.2.

Asiye na uwezo wa kubadilisha chaja leo aijaze betri, azime chaja, kisha atenganishe waya hasi wa betri. Ikikaa hivyo hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi, kwa hiyo kuichaji mara moja kila mwezi kunatosha. Asitegemee swichi kuu ya gari kabla ya kupima, kwani katika baadhi ya magari swichi hiyo huzima taa lakini chaja huendelea. Kwenye betri ya kuongezea maji, anaongeza maji safi ya betri, si asidi. Wenye betri za lithiamu wasitumie chaja iliyopangiwa betri za asidi, na gari likilala muda mrefu betri hizo hupenda kuachwa na chaji ya nusu hivi.

Ninachowaomba wauzaji ni kibandiko kimoja ndani ya kabati la umeme: aina ya chaja, volti inazoshikilia betri ikishajaa, na aina ya betri inayokubaliana nayo. Mnunuzi naye aulize hayo kabla ya kulipa. Muuzaji akishindwa kujibu, achomeke gari na kukubali lipimwe hapo hapo kesho yake.

Fundi umeme wa magari