Baba yu hai, wanataka nimwombee mkopo kama yatima

Ndugu mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata mkoani Kigoma. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana niliowafundisha hadi kidato cha nne hunirudia na bahasha zao niwasaidie kuomba mkopo wa elimu ya juu. Kompyuta mpakato ninayo, bando najinunulia. Kazi yenyewe si ngumu, ina usumbufu tu: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, majina yasipishane na ya cheti cha kidato cha nne, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri, hakimu au wakili asaini, apatikane mdhamini mwenye kitambulisho. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na kwa ajili ya hiyo nimeona watu wakiuza kuku wa mwisho.

Safari hii nimekwama kwa binti mmoja. Amesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na kupata daraja la pili, kwa hiyo Samia Skolashipu haimhusu, ile ni ya waliong'ara kwenye tahasusi za sayansi. Mama yake anauza mawese sokoni. Kaya yao haimo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa kuwa wakati wa kuandikishwa walikuwa wamehifadhiwa kwa mjomba, mwenye nyumba ya bati. Baba aliondoka binti akiwa darasa la pili, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Hajatuma hata shilingi. Kuna watu wa hapa walimwona Kahama, ana mke mwingine na watoto.

Sasa baba mdogo wa binti kaja na ushauri wake: itafutwe hati ya kifo, binti aombe kama aliyefiwa na baba. Anasema mtu wa kuisaini ameshapatikana. Ninachotakiwa mimi ni kuipandisha tu kwenye mfumo pamoja na nyaraka nyingine. "Mwalimu, kwani kwao si alishakufa?"

Nimekataa, ila sikulala vizuri. Nikimwangalia yule binti naona hali yake haina tofauti na ya yatima, pengine ni mbaya zaidi, maana aliyefiwa ana karatasi ya kuonyesha na aliyetelekezwa ana maelezo tu. Tulipofika sehemu ya taarifa za wazazi aliniuliza, "Kazi ya baba niandike nini?" Sikuwa na jibu. Kwa upande wa pili, nina mwanafunzi mwingine aliyemzika baba yake kwelikweli mwaka juzi, naye yumo kwenye foleni hiyohiyo ya fedha zisizowatosha wote. Na huu ni mkopo: binti akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, jina lake likiwa limekaa juu ya hati ya uongo. Huyo baba akijitokeza siku moja, nani atasimama mbele ya hakimu?

Mama mtu hataki kabisa. Anasema kumzika mtu aliye hai ni kujitafutia mkosi. Lakini sauti yake mbele ya shemeji ni ndogo, na baba mdogo ndiye aliyeahidi nauli ya kwenda chuoni. Tena ameniambia wazi kwamba nisipofanya mimi, steshenari ya mjini watafanya kwa elfu tano.

Naomba mnisaidie hivi. Je, kuna aliyewahi kumwombea kijana aliyetelekezwa na mzazi akafanikiwa bila kudanganya? Barua ya afisa ustawi wa jamii au ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali halisi inazingatiwa, hata kwenye rufaa? Na huyu baba mdogo nimkabili vipi bila binti kupoteza nauli na mama kupoteza ndugu wa mume? Dirisha bado liko wazi, na fomu yake nimeijaza yote isipokuwa sehemu hiyo ya baba.

Mwalimu, Kigoma