Salamu za Krismasi kwa familia zenye askari Marekani

Ndugu, jamaa na marafiki,

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Natumaini salamu hizi zinawakuta wazima wa afya. Kama kuna mgonjwa nyumbani, Mungu amwinue mapema naye akae mezani na wenzake.

Huku Illinois theluji imeshaanguka, na akina mama wa kanisani kwetu wameshagawana kazi: huyu pilau, yule chapati, mwingine chai ya tangawizi ya kuwapasha moto watu baada ya ibada ya mkesha. Mwaka huu nimeona salamu zangu ziende kwanza kwa nyumba zenye mtoto, mume, mke au ndugu aliyevaa sare ya jeshi la Marekani. Najua kuna mama Kisii na mama Moshi ambao Krismasi yao haianzi mpaka simu iite. Majira haya Chicago iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 9, kwa hiyo mnapomaliza kula mchana ndipo huku kunapambazuka. Vumilieni, mama zetu. Atapiga.

Vijana wetu wameingia jeshini kwa njia nyingi, ila kuna mlango mmoja uliotuhusu moja kwa moja. Kuanzia 2009 jeshi la Marekani liliandikisha wageni ambao hawakuwa hata na ukaazi wa kudumu, mradi wawe na ujuzi wa tiba au wajue lugha lililoihitaji. Kiswahili kilikuwemo katika orodha hiyo. Mpango ule ulisimamishwa 2016, lakini walioupitia wapo. Wengine bado wamo kambini, wengine wameshastaafu na sasa ni wauguzi, madereva wa malori na walimu. Walikula kiapo cha kuilinda nchi ambayo ilikuwa bado haijawapa uraia. Jambo hilo nalitafakari sana kila Desemba, kwa sababu Desemba ndiyo mwezi ambao nchi hii huamua itawatendeaje askari wake.

Nieleze kidogo. Kila mwaka Bunge la Marekani hupitisha sheria ya kuidhinisha mipango ya ulinzi, na miaka ya karibuni Rais amekuwa akiitia saini siku zilezile sisi tunapochambua mchele wa sikukuu. Ya 2021 ilitiwa saini tarehe 27 Desemba, ya 2022 tarehe 23, ya 2023 tarehe 22, na ya 2024 tarehe 23. Watu wakiisikia hufikiria ndege za kivita na nyambizi. Kumbe humohumo mna mshahara wa askari, nyumba atakayokaa na malezi ya watoto wake akiwa kazini. Ile ya 2024 iliwapa askari wa vyeo vya chini nyongeza iliyofika asilimia 14.5 ilipokamilika Aprili 2025. Kwa koplo mwenye watoto wawili, hiyo ni kodi ya nyumba na maziwa.

Katika watu wanaoiandika sheria hiyo, mmoja ni Seneta wetu wa Illinois, Tammy Duckworth. Nimekuwa nikifuatilia kazi yake kwa muda, na leo nataka kuwaeleza kwa nini namweka katika shukrani zangu.

Duckworth alizaliwa Bangkok mwaka 1968, mama Mthai na baba Mmarekani aliyewahi kuwa mwanajeshi. Akiwa binti wa miaka 16 familia ilihamia Hawaii, baba akakosa kazi, wakaishi kwa vocha za chakula za serikali. Binti akawa anauza maua kando ya barabara ili nyumba isilale njaa. Baadaye alisoma, akaingia jeshini, na mwaka 1992 akapewa uofisa. Alichagua kurusha helikopta kwa sababu ilikuwa miongoni mwa kazi chache za mapigano ambazo wanawake waliruhusiwa kuzifanya.

Tarehe 12 Novemba 2004, siku moja baada ya Siku ya Maveterani, alikuwa angani kaskazini mwa Baghdad ndani ya Black Hawk. Kombora lilipasuka karibu na miguu yake. Rubani mwenzake akafanikiwa kuitua ile helikopta, na askari waliombeba walidhani wanaubeba mwili. Mguu wa kulia ulikatika karibu na nyonga, wa kushoto chini ya goti, na mkono wa kulia ukavunjikavunjika. Alikaa hospitali ya Walter Reed muda mrefu. Hata hivyo aliendelea kuwa katika Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha Illinois mpaka alipostaafu akiwa luteni kanali mwaka 2014. Kila mwaka tarehe 12 Novemba huiadhimisha kama siku aliyobaki hai, na huwashukuru wale waliokataa kumwacha pale chini.

Aligombea ubunge mara ya kwanza mwaka 2006, akashindwa kwa kura chache. Kisha akaongoza Idara ya Maveterani ya jimbo la Illinois, akaenda kuwa msaidizi wa waziri katika idara ya shirikisho ya maveterani, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2013 na Seneti mwaka 2017. Lakini vyeo havinisemeshi sana. Kuna kikao kimoja cha kamati, Juni 2013, ambacho kilinionyesha huyu ni mtu wa namna gani. Mbele yake alikaa mfanyabiashara aliyepata zabuni za serikali zilizotengewa askari walioumia kazini. Jeraha lenyewe lilikuwa la mguu, alilolipata akiwa katika shule ya kuandaa vijana wa chuo cha jeshi, na alikuwa amepewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 30. Duckworth alimweleza kwamba mkono wake yeye, ule uliounganishwa upya kwa upasuaji mwingi na ambao bado angeweza kuupoteza, ulipewa asilimia 20. Hakupaza sauti. Alimuuliza swali baada ya swali, akimkumbusha kwamba kila anayejipenyeza kwenye foleni ile anamrudisha nyuma askari anayengoja ombi lake la ulemavu lishughulikiwe.

Sasa rudini nami kwenye Desemba ya 2021. Katika sheria iliyotiwa saini tarehe 27 mwezi ule mna mambo mawili ambayo Duckworth aliyapigania, nami huyaona ni jambo moja.

La kwanza ni chakula. Zipo familia za askari wa vyeo vya chini ambazo hupanga foleni kwenye benki za chakula zilizo karibu na kambi. Jambo hilo linaumiza kulitaja wakati wa sikukuu, ila ni kweli, na baadhi ya wasomaji wangu wanalijua kutoka jikoni kwao. Seneta huyu aliyekula kwa vocha akiwa msichana, akishirikiana na Lisa Murkowski wa Alaska, ambaye ni wa chama kingine, alisukuma muswada wa kuwaongezea fedha askari ambao kipato cha kaya yao kiko chini mno. Posho hiyo iliingizwa kwenye sheria ile, na ilianza kulipwa 2023.

La pili ni ukweli. Vita vya Afghanistan vilichukua miaka 20 na kuisha Agosti 2021 kwa namna ambayo wote tuliiona. Duckworth alitaka iundwe tume huru ya kuchunguza vita vyote tangu mwanzo, chini ya marais wa vyama vyote viwili, ili askari waliopigana na familia zilizozika zijue maamuzi yalifanywaje na wapi mambo yaliharibika. Tume hiyo ya watu 16 iliundwa kwa sheria hiyohiyo.

Mnaona basi. Mlishe askari, na kabla hujamtuma tena, jifunze kutokana na ulikomtuma mara ya kwanza. Machi 2023 Seneti ilipopiga kura 66 kwa 30 kufuta vibali vya vita vya Iraq vya 1991 na 2002, Duckworth alikuwa upande wa kufuta. Aliyepoteza miguu katika vita vile hakutaka kibali chake kibaki kabatini, kila rais anayekuja akichomoe anapotaka. Mimi naamini huo ni ulinzi wa taifa hasa. Jeshi lenye askari mwenye njaa, au lenye mjane asiyejua mumewe alikufa kwa uamuzi wa nani, lina ufa hata kama maghala yake yamejaa makombora.

Tusifikiri mambo haya yako mbali na pwani yetu. Jumapili ya tarehe 5 Januari 2020, watu bado wanamalizia keki za sikukuu, al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay kule Lamu. Wamarekani watatu waliuawa, na mmoja wao alikuwa askari kijana wa hapa Illinois. Familia yake ilizika mwezi ambao familia nyingi za Kenya nazo huomboleza, kwa sababu al-Shabaab walivamia kambi za askari wa Kenya kule Somalia, El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Nyumba za kijeshi za pande zote mbili zinaujua uzito wa Januari. Nawapa pole tena, na nawaombea wote bila kubagua bendera.

Kuna suala moja ambalo bado linaniuma. Askari mmoja mstaafu wa Chicago, aliyeletwa Marekani akiwa mtoto na mwenye ukaazi wa kudumu, alikwenda Afghanistan mara mbili. Aliporudi akili haikutulia, akaingia kwenye dawa za kulevya, akafungwa, na Machi 2018 akarudishwa Mexico. Duckworth alijaribu kuzuia asiondolewe, haikuwezekana. Baadaye gavana wa Illinois alimsamehe, akarudi, na Oktoba 2019 akaapishwa kuwa raia. Seneta amewasilisha miswada zaidi ya mara moja ili wageni waliotumikia jeshi wasifukuzwe hivyo na ili waliofukuzwa waweze kurudi kwa matibabu. Haijapita. Naiombea ipite, na naomba wenye haki ya kupiga kura wawaulize wagombea wao wanasimama wapi.

Sasa niseme na nyinyi wenye askari nyumbani, kama dada anavyosema na wenzake tukiwa tunamenya vitunguu.

Kama kijana wenu bado si raia na yuko jeshini, mwulizeni leo kama amejaza fomu N-400 ya kuomba uraia na kama kikosi kimemthibitishia utumishi wake kwenye fomu N-426. Halipi ada. Msingoje apate matatizo ndipo mtafute mwanasheria.

Kama ameshatoka jeshini, karatasi ya DD-214, ile inayoonyesha alitumikia na akatoka, iwekwe pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na nakala yake iwe mahali pengine. Bila karatasi hiyo inakuwa vigumu kupata matibabu ya maveterani au mkopo wa nyumba, na siku akifariki mtahangaika kupata mazishi ya heshima anayostahili.

Kama alitumikia Djibouti kuanzia Septemba 11, 2001, au Somalia wakati wowote kuanzia Agosti 1990, na sasa kifua kinambana au amegundulika na saratani, asome kuhusu sheria ya PACT ya Agosti 2022. Ilitungwa kwa ajili ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine kambini, na nchi hizo zimo. Kwa magonjwa yaliyoorodheshwa hatakiwi tena kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomwumiza. Maafisa wa vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa humsaidia mtu kujaza ombi bila malipo, kwa hiyo anayedai pesa ili akujazie ombi la kwanza, mkimbieni.

Na kama amekuwa mkimya kupita kiasi, halali, anakaa kwenye gari nje ya nyumba usiku kucha wakati ndani mnaimba nyimbo za Krismasi, msiseme ana madharau au amerogwa. Pigeni 988 halafu mbonyeze 1. Ni simu ya maveterani, usiku na mchana, na hata mke au mama anaruhusiwa kupiga kwa niaba yake. Sikukuu ni ngumu kwa watu wengi waliorudi kutoka vitani.

La mwisho linatuhusu wote tunaopenda kuweka picha mtandaoni. Usiandike kikosi chake, kambi alipo, wala tarehe atakayosafiri. Furaha yenu tunaielewa, ila kuna wanaosoma kwa nia nyingine, na ulinzi wa mwanao umo pia mikononi mwako unaposhika simu.

Mkesha wa Mwaka Mpya tutawaombea askari wetu kwa majina. Mwenye jina la kuongeza anitumie ujumbe, jina la kwanza linatosha. Waombezi wameshajipanga, na wazee wetu wawili waliostaafu jeshini wamekubali kusimama mbele kuyasoma.

Krismasi njema kwenu nyote, na Mungu awafikishe salama 2026.