Jumapili Jambiani, mbio za ndoo

Asalaam aleikum jamani, Jumapili ndo siku yetu, mbio za ndoo pwani Jambiani, Unguja, mzazi anakimbia na ndoo ya maji kichwani mtoto kamshika kanga nyuma, wakiachana wanarudi mwanzo, na mshindi si wa mwanzo kufika ni aliyebakisha maji mengi, kwa hiyo bibi zetu wasiogope kabisa wao ndo mabingwa wa kubeba maji!!

Tunaanza saa nne barabara kwa sababu ni bamvua, siku za maji kupwa na kujaa sana, maji yatakuwa yametoka mbali na mchanga umekaza, tukichelewa yanajaa tunakosa uwanja. Nnakuombeni sana watoto wasiingie kwenye kamba za mwani, zile ni riziki za watu, mwaka jana mtoto wangu aling'oa kijiti kimoja ikabidi tukamuombe radhi yule mama mwenye mwani, alimpokea vizuri akamfunza kufunga mwani kwenye kamba, basi mwanangu mpaka leo anamuulizia.

Ndoo za lita kumi, watoto wavae viatu vya plastiki chini kuna majabali. Mihogo na madafu yapo, maji ya kunywa kila mtu na yake. Nani ana nafasi kwenye gari kutoka mjini aseme hapa