Salamu za Noeli kutoka Kigoma: Imani na Ipimwe Kibirizi

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Natoa salamu zote mbili kwa sababu mtaani kwetu Mwanga wapo wa misa ya mkesha na wapo wa ibada ya asubuhi, na sahani ya Noeli haimuulizi mtu anasali wapi. Kwa majirani zetu Waislamu wa Ujiji, ambao kila Idi hutuletea pilau kabla hata hatujabisha hodi: asalaam aleikum. Karibuni nyumbani, sasa zamu ni yetu.

Noeli imetukuta na mvua zake. Njia ya kuteremkia ziwani ni tope tupu, mafundi cherehani hawalali, kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku, na kila treni inayoingia inashusha wana wa Kigoma waliobeba mabegi makubwa kuliko waliyoondoka nayo. Wengine bado wana safari ya boti kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa. Nayapenda haya yote. Mtoto kuvaa gauni jipya siku aliyozaliwa Bwana ni jambo jema, na kuku kuchinjwa ni jambo jema. Usiku ule malaika waliimba, kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba furaha ni anasa.

Linaloniuma ni jingine. Miaka hii imezuka dini ya kwenda na wakati, nayo imetuingia sote. Utaona bango la mkutano ambalo sura ya mhubiri imelijaza, na jina la Yesu limebanwa pembeni karibu na namba ya kutumia pesa. Utaona chupa ya mafuta ya upako yenye bei yake kabisa. Utasikia watu wakiitwa mbele kwa viwango vya bahasha: mwenye laki anaombewa kwa kuwekewa mikono, mwenye elfu mbili anaombewa palepale alipokaa, pamoja na wenzake wote. Kisha tunaambiwa hiyo ni imani.

Wala sisi wa makanisa ya zamani tusijione tumepona. Tunamchagulia mtoto msimamizi wa ubatizo kwa kuangalia mfuko wake. Kipaimara kimekuwa na kamati, kadi za michango, ukumbi na mshereheshaji; mwulize kijana mwenyewe amempokea nani siku ile, atakutajia zawadi. Na pango letu zuri la Noeli pale kanisani, vijana wanapanga foleni kupiga picha mbele yake wakati misa inaendelea, wameligeuzia mgongo.

Nalisema hili la pango kwa uchungu kwa sababu najua lilikotoka. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliomba aandaliwe hori lenye nyasi kavu, aletwe ng'ombe na punda, na misa ya Noeli isomwe hapohapo. Alitaka watu waone kwa macho yao dhiki aliyozaliwa nayo Mtoto yule, alivyokosa hata vitu vya lazima kwa mtoto mchanga. Aliyekuwa akiwaonyesha hayo ni mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeacha mali ya baba yake. Lile hori lilikusudiwa litusumbue kidogo. Sisi tumelizungushia taa za kumetameta hadi haliwezi kumsumbua mtu yeyote.

Tazameni pia kalenda ya Kanisa. Tarehe 25 tunaimba. Tarehe 26, kabla mabaki ya pilau hayajaisha, padri anavaa nyekundu, rangi ya mashahidi, ni sikukuu ya Stefano aliyepigwa mawe akiwaombea waliomuua. Tarehe 28 ni nyekundu tena, watoto wachanga wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Waliotupangia siku hizi hawakutuacha tuketi na Mtoto mzuri horini tukasahau kumfuata kunamgharimu mtu nini. Na nionavyo mimi, hapo ndipo dini ya mtindo inapojitenga na imani yenyewe. Dini ya mtindo inaishia tarehe 25 jioni.

Kwa hiyo anayetaka kujua imani yetu imefika wapi, mwaka huu asije kanisani. Aende mwaloni Kibirizi asubuhi, dagaa wanaposhushwa.

Pale kuna mitumbwi mingi iliyoandikwa majina ya Mungu ubavuni kwa rangi nzuri. Na pale kuna sado, ndoo ya kupimia dagaa. Mtu wa bara asiyejua ataona ndoo ndogo tu iliyojaa hadi kilima. Lakini zipo sado ambazo kitako chake kimepashwa moto kikasukumwa kuingia ndani, ukiigeuza unaona kibonde kinachotosha ngumi. Mama aliyetoka Kasulu na mtaji wa kukopa analipia sado kumi, anafika nyumbani na nane na nusu, na aliyempimia alikuwa amevaa rozari. Utasikia mtu akisema, "Hiyo ni biashara, usichanganye na dini." Nasema ni dini, na pengine hakuna dini nyingine tutakayoulizwa. Zakayo, yule mtoza ushuru, alipompokea Yesu nyumbani kwake hakuahidi kuimba kwaya. Alitamka hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne.

Upande wa pili yupo mama mmoja muuza dagaa, jina lake simtaji kwa sababu hatapenda. Msimu huu mvua hainyeshi kwa ratiba. Dagaa wameanikwa, wingu linatokea ng'ambo ya Kongo, na kabla hujakusanya wameshalowa. Dagaa walionyeshewa wanabadilika rangi na wanaanza kunuka, na desturi ya wengi ni kuwachanganya chini ya wale wazuri. Yeye huwatenga. Anaketi na ungo, anachagua mmoja mmoja, wazuri huku na walioharibika kule, na hao wa kule anawauza kwa bei ya chakula cha kuku na anasema wazi kwamba ni vya kuku. Nimemwona akifanya hivyo wiki ya Noeli, wakati kila shilingi ina kazi. Hajawahi kusimama kutoa ushuhuda.

Na matajiri wa mitumbwi, ndugu zangu, nawaomba kwa heshima. Vijana wamevua mwezi mzima usiku wa giza, wamelowa, wamepigwa na mawimbi. Mgao wao utolewe kabla ya Noeli. Usimwambie kijana mwenye watoto "tukutane mwaka mpya" halafu ukatoa sadaka ya shukrani kwa kutangazwa jina. Yakobo alishaandika kwamba ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sadaka ile haitazizima.

Ziwa hili letu limeona imani ya kweli. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Miaka kumi baadaye, huko Karema kusini mwetu, alikuja Adrian Atiman, Mwafrika aliyeibwa utotoni katika nchi za mto Niger akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari kule Algeria na kusomeshwa utabibu Malta. Alikuja akiwa tabibu na katekista. Angeweza kwenda kokote na elimu ile. Alibaki Karema akitibu na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe ni Noeli ngapi hizo, mahali pamoja, akifunga vidonda vya watu walewale na watoto wao na wajukuu wao. Nikisikia leo mtu anaitwa mtumishi mkuu kwa sababu ana walinzi na gari la vioo vyeusi, namkumbuka Atiman.

Neno moja zaidi, na hili ni gumu. Wanaokimbilia chupa na vitambaa vya upako tusiwacheke. Wengi nawafahamu. Huyu mtoto wake anaanguka kifafa, yule amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto na ndugu wa mume wameanza maneno, mwingine deni la kikundi limefika pabaya. Walipokuwa wamelala ndani wakilia, ni nani kati yetu aliyepiga hodi? Mgonjwa ambaye jumuiya yake imemletea uji wiki nzima, ikamchotea maji na kukaa naye hadi usiku, si rahisi kushawishiwa na bango. Tumewaacha wapweke, na mwenye spika kubwa akawaita kwa majina. Kosa kubwa liko kwetu.

Basi nawatakia Noeli yenye furaha kamili. Wavuvi wetu, Mungu awalinde na pepo za msimu huu. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo na Burundi walioko kambi ya Nyarugusu, mnaosherehekea tena mbali na nyumbani, tunaombea kwenu na tunawaombea kurudi salama siku nchi zenu zitakapotulia. Mlio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko ambao nauli imekataa mwaka huu, pigeni simu kwa wazazi. Wanaitazama simu ile tangu asubuhi. Wafiwa wa mwaka huu, tutapita kwenu.

Na tarehe 26, siku ya Stefano, jumuiya yetu inakwenda hospitali ya Maweni, wodi ya wazazi na wodi ya watoto. Tunaondoka kanisani baada ya misa ya kwanza. Mwenye sabuni alete sabuni, mwenye sukari alete sukari, asiye na kitu aje, wapo wagonjwa wasio na mtu wa kuwatazama. Wa madhehebu yote karibuni. Simu za kupigia picha tuziache nyumbani.

Heri ya Noeli, na Mwaka Mpya wenye amani.