Lile tenki ulilolikatia utepe

Mama Brayo wangu,

Sasa wewe. Najua umeninunia, umenitumia vois tatu nikajibu na kidole gumba tu, lakini hii stori haiingii kwa vois ndiyo nimeamua nikae chini niandike kama zamani. Watoto wamelala, stima iko, chai iko hapa kando. Na usinicheke Kiswahili changu cha Nakuru, juu saa hii unaishi Mombasa na wenyewe unajiona umekuwa mswahili wa pwani, mimi bado nasema "venye" na sitaacha.

Huku tuko tu. Tunaitwa jiji tangu Desemba 2021 lakini vumbi la kutoka stage hadi kwangu ni lile lile, hilo halijapandishwa cheo. Ila mwezi huu hakuna vumbi, mvua ya Agosti imekuja kwa fujo, asubuhi ukiangalia upande wa Menengai huoni kitu, ni wingu tu limekalia mlima.

Klabu yetu ya kujitolea iko hai, kabla hujauliza. Julai tulichagua viongozi wapya. Yule mzee tuliyekuwa tunamuita Benki Kuu amepumzika, sasa mweka hazina ni kijana fulani wa hesabu, kila Jumapili jioni anatuma mahesabu kwa grupu hadi ile mia na arobaini ya mkate na maziwa, watu wamekoma kuulizana "pesa zilienda wapi". Mimi nikapewa ukatibu. Walai sikuutaka, nilitoka tu kwenda choo, kurudi napigiwa makofi. Sajenti bado ni yule yule na kikopo chake, simu ikilia kwa mkutano mia moja, ukichelewa mia moja, wiki jana alinitoza mia kwa kuvaa viatu vipya bila kuwatangazia wanachama. Tulienda matanga mbili, tulichanga damu mara moja (mimi niliambiwa yangu iko chini, nikapewa soda hata hivyo), na ile miche tuliyopanda kando ya barabara imeliwa na mbuzi yote isipokuwa mmoja. Mbuzi wa nani tunajua lakini tumenyamaza.

Sasa ngoja nikuambie kile kimenifanya nikuandikie.

Mkutano wa kwanza wa Julai tulialika mgeni, mama mmoja mtu mzima wa Rotari, ile klabu ya kujitolea ya dunia nzima, aje atuambie wenzetu wakubwa wanafanyaje. Nilifikiria atatuchosha. Mama akaanza kutoka Chicago 1905, venye wale wazungu wanne walikuwa wanakutana ofisi ya huyu leo, kesho ya yule, kwa zamu, ndiyo jina Rotary likatoka hapo kwa kuzunguka. Akatuambia pia wanawake hawakuwa wanaruhusiwa hadi 1989, fikiria, mimi na wewe tungekuwa tunaitwa kupika chai tu. Alafu akaja kwa polio. Wameisukuma tangu 1985, na polio ile ya asili ikatangazwa imeisha Afrika Agosti 2020. Miaka 35! Mtu akamuuliza siri ni nini, nilidhani atasema pesa. Akasema ni kurudi. Mtoto hapewi matone mara moja ukaenda zako, unarudi mlango ule ule, unaangalia kidole kama kimepakwa wino, unaandika ukutani na chaki, unarudi tena, na yule mama aliyekufukuza jana unamrudia leo.

Kabla aondoke akatuachia yale maswali yao manne, yalitungwa 1932 na jamaa anaitwa Herbert Taylor alipokuwa anajaribu kuokoa kampuni iliyokuwa inazama. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, italeta nia njema na urafiki bora? Je, itawafaidi wote? Mwenyekiti akayapenda akayachapisha makubwa akayabandika ukutani pale tunapokutana, nyuma ya kiti changu kabisa.

Wiki iliyofuata kazi yangu ya kwanza ya ukatibu ilikuwa kuandika ripoti ya mwaka. Unajua venye hizo zinaandikwa, unachukua ya mwaka jana unabadilisha tarehe. Nikafika kwa ile shule yetu ya Njoro, penye imeandikwa "tenki la lita 10,000 linawahudumia wanafunzi 300 maji safi ya kunywa". Nikaacha kuandika. Si eti nilikuwa na shaka, ni vile tu nilijiuliza mara ya mwisho nimeliona lini nikakumbuka ni ile siku wewe umevaa kitenge cha bluu unakata utepe na mkasi wa kushonea ukakataa kukata. Miaka miwili, Mama Brayo. Hakuna hata mmoja wetu alikuwa amerudi.

Basi Alhamisi nikapanda matatu ya Njoro peke yangu, bila kupiga simu.

Tenki liko. Linang'aa, na lile bamba letu liko pale na majina yetu wote, lako la tatu. Nikaligonga na konzi. Likalia kama debe tupu. Nikafungua mfereji, akatoka buibui. Mimi natazama juu naona gata imening'inia upande mmoja, imeachana na bomba kama hivi nusu mita, mvua yote ya paa inamwagika kwa ukuta hadi ukuta umeota ukijani. Nilitamani ardhi inimeze. Soja wa shule akaja, mzee mpole sana, akaniambia hiyo gata ilitoka kwa upepo mwaka jana mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi! Nikamuuliza mbona hamkutuambia. Akanijibu bila ubaya wowote, "Madam, tungemwambia nani? Hapa kuna majina, hakuna namba."

Nikaangalia bamba. Majina 24 na tarehe na "kwa upendo". Namba ya simu hakuna. Na huyo aliyeandika hilo bamba si mwingine ni mimi, nililipeleka kwa fundi wa mawe mwenyewe nikabishana naye bei ya kila herufi.

Na wewe unajua hiyo si mambo ya kiu tu. Maji ya kisima cha pale ni yale yetu ya Bonde la Ufa, mawe ya volkano yanaachilia madini ya floraidi, yanaonekana safi hadi unaweza yaweka kwa glasi ukapiga picha. Kiwango cha juu cha WHO, wale wa afya duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita, visima vingi vya huku vinapita hapo mbali. Na hakuna kuchemsha hapo, ukichemsha maji ndiyo yanapungua, floraidi inabaki kwa sufuria ikiwa imekolea zaidi. Maji ya mvua ndiyo hayana hiyo shida, ndiyo sababu tuliweka tenki na si kisima kingine, hiyo si wewe ndiye ulitupigania kwa mkutano hadi ukapandisha sauti?

Wakati wa kutoka ilikuwa brek. Kuna kamsichana ka kama miaka kumi kalikuja kusimama na mimi kananiangalia viatu (vile vipya vya faini). Nikakatania, kakacheka, na kabla kicheko kitoke mkono ulikuwa ushafika kwa mdomo. Haraka hivi, vidole vinne vimebana, kama mtu anayefunika sufuria. Nikaona tu pembeni, meno ya mbele kahawia yana mistari. Nikageuka naona mwingine anacheka na mkono, na mwingine. Uwanja mzima watoto wanacheka na mikono midomoni na mimi nilikulia Nakuru na sikuwahi kuona hiyo kitu kama kitu.

Ya huyo msichana hayarudi meupe, hata tujaze tenki na maziwa. Hayo meno floraidi inayaharibu yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya ufizi, mtoto akishafika miaka minane hivi yale ya mbele yashaumbika. Kwa hivyo lile tenki ni la wale wa PP1, wa chekechea, na wadogo zake. Hiyo miezi tisa hivi tenki limekaa kavu kuna watoto wa miaka mitano walikuwa wanakunywa kisima kila siku, na sisi tuko mjini tunakula samosa tukisoma kumbukumbu za mkutano uliopita.

Jumanne nikaenda kwa mkutano nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema polepole nikashindwa, nikasema tu ripoti siwezi kuandika juu swali la kwanza limenishinda, nikaonyesha ukuta. Kukanyamaza. Mwenyekiti akataka tuandike "linafanyiwa ukarabati". Sajenti, huyo huyo wa kikopo, akamuuliza na nani. Kisha akasimama akatoza kila mtu aliyekuwa kwa lile bamba elfu moja moja, papo hapo, hakuna kujitetea. (Wewe pia. Nilikulipia, utanitumia.)

Jumamosi tukaenda watu tisa. Kumbe yote ilikuwa vishikio vinne vya gata, soketi moja na silikoni, haikufika hata elfu tatu na gari. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Mweka hazina akapanda ngazi na suruali yake ya kazini ikapasuka penye haifai kupasuka, walimu wakaona, yeye akaendelea kufunga skrubu kama hakuna kitu. Tukaosha tenki ndani, tukatoa matope na chura mmoja. Tukaweka na ile bomba ya kumwaga maji ya kwanza ya mvua, juu hayo ndiyo yanaosha kinyesi cha ndege kwa mabati. Huyo kijana alafu akatupigia hesabu kwa ubao wa darasa: milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ya paa ni lita moja, paa la yale madarasa mawili ni mita 16 kwa 8, mvua ya milimita 20 inakupa kama lita 2,500. Mvua nne nzuri tenki limejaa. Watoto 300 wakinywa nusu lita kila mmoja linakaa miezi miwili, lakini ni ya kunywa tu, mtu akidekia nayo darasa hesabu imeharibika. Mwalimu mkuu akaandika hiyo kwa mlango wa ofisi.

Na bado ni nusu ya kazi, najua, juu mtoto akienda nyumbani anakunywa kisima cha nyumbani. Sasa klabuni tunabishana kuhusu ule mkaa wa mifupa, ile ya kuchoma mifupa ya ng'ombe unaweka kwa ndoo inachuja floraidi. Wengine wanaogopa watu watakataa kunywa maji yamepita kwa mifupa, mama mmoja alisema hata yeye hanywi. Mimi shida yangu si mifupa. Ule mkaa unachoka, baada ya muda haushiki kitu tena na maji yanatoka yakiwa yale yale, huoni tofauti, hakuna hata buibui wa kukushtua. Nimesema sikubali mradi hadi kuwe na jina la mtu wa kurudi kuubadilisha na tarehe. Wananiita Madam Kurudi sasa, wacha waite.

Namba tumepaka. Si kwa bamba, kwa tenki lenyewe, rangi nyeupe, tarakimu kubwa kama za matatu. Ni yangu. Bwanangu alisema utasumbuliwa, nikasema ndiyo.

Jana usiku saa tatu na nusu mvua ilipiga hapa hadi hatusikii tivii. Simu ikalia, namba sijui. "Ni mama wa tenki?" Alikuwa soja, anapiga kelele juu ya mabati, ati maji yamefika juu yanamwagika, afunge wapi? Nikamwambia asifunge popote, wacha yamwagike. Akasema "sawa", lakini hakukata, tukabaki hivyo wote wawili tukisikiliza.

Sasa nisaidie kitu kimoja. Ile daftari nyekundu ya mradi ulienda nayo, najua ulienda nayo, iko na risiti ya tenki na karatasi ya dhamana. Kuna mahali karibu na mfereji kumeanza kutoa jasho na nataka kujua kama miaka yao imeisha. Nipigie picha unitumie, si kesho, ukimaliza kusoma hii. Na ile elfu moja.

Salimia Brayo na babake. Desemba ukija tutaenda Njoro pamoja, uvae kile kitenge, mkasi nitabeba mwenyewe, kuna kamba ya kufungia gata ilibaki ndefu inafaa kukatwa.

Wako,
Mama Shii